Saa Kumi, Si Saa Kumi na Mbili

Kila asubuhi Nelvine alikamua ng'ombe, akapeleka maziwa barabarani, kisha akanywa chai yake wima huku Kogo Jerusa akimkagua kuanzia kola hadi viatu. Kogo ndilo jina ambalo Wakipsigis humwitia nyanya, na nyanya huyu hakuwa mtu wa mchezo. Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Lakini mjukuu wake alipoingia kidato cha kwanza katika shule ya kutwa karibu na Mogogosiek, alitangaza habari hiyo kanisani na sokoni kana kwamba ni yeye aliyefaulu mtihani.

"Leo mnatoka saa ngapi?" aliuliza kila siku.

"Saa kumi na mbili, Kogo. Baada ya masomo ya prepu."

"Haya. Nitakungoja langoni."

Kwa muda jibu hilo lilikuwa la kweli. Kisha ukungu ukaja. Ukungu wa upande ule, karibu na msitu wa Mau, haubishi hodi. Hushuka alasiri ukafunika miti, ukafunika majani chai, ukafunika na barabara, mpaka mtu haoni vidole vyake mwenyewe. Jioni moja mvulana wa kidato cha pili aligongwa na baiskeli iliyobeba mikebe ya maziwa. Kesho yake Madamu Chepkosgei, naibu wa mwalimu mkuu, alisimama mbele ya wanafunzi kwenye paredi akatangaza kwamba prepu ya jioni imesimamishwa. Wanafunzi wangetoka saa kumi ili wafike kwao kungali mwangaza.

"Mkawaambie wazazi leo hii," alisema. "Nataka kila nyumba ijue. Na sitaki kusikia eti mtu alisahau."

Nelvine hakusahau. Alinyamaza tu. Alijua vizuri kwamba kurudi nyumbani saa kumi maana yake ni kuvaa kikapu mgongoni na kuchuma chai mpaka jua lizame. Tena siku hiyohiyo rafiki yake Rachael alimnong'oneza, "Si ukuje kwetu? Baba amenunua betri mpya ya tivii." Babake Rachael, Mzee Kimotho, alikuwa na duka pale senta, penye maduka machache ya kijiji, na televisheni yake ilikuwa ya pekee sokoni kote.

"Nyumbani wanajua uko hapa?" Mzee Kimotho aliuliza siku ya kwanza.

"Wanajua," alijibu Nelvine. Kimotho, ambaye kosa lake lilikuwa kuamini watoto wa watu, akamwongezea mandazi.

Siku zikaenda. Uongo wa Nelvine haukuwa na kelele. Hakuhitaji hata kutunga neno jipya. Alirudia lile la zamani kila asubuhi, na Kogo akaendelea kumngoja langoni akiamini mtoto wake yuko darasani na kitabu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Kogo alimfundisha tangu utotoni. Ukiwa ndani ya ukungu ukaitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Nyamaza, pita, nenda zako. Mtu wa kweli atakuja umwone uso. Mbele ya Rachael, Nelvine alicheka mambo hayo na kusema ni ya wazee. Ila alikuwa akiyacheka mchana, kwenye jua.

Alhamisi moja alitoka dukani amechelewa kidogo. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote, kwa hiyo akaamua kufuata njia ya mkato inayoshuka katikati ya mashamba ya chai hadi mtoni, kisha inapanda kuelekea kwao. Hakukuwa na ndege wala upepo. Alisikia tu matone yakidondoka kutoka jani hadi jani, na viatu vyake vikikwaruza mchanga. Alijaribu kuimba, akaacha, kwa sababu sauti yake ilimrudia kama ya mtu mwingine.

"Nelviiine!"

Alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Sauti ilitoka chini, upande wa mto, mahali ambapo hapakuwa na nyumba ya mtu.

"Nelviiine!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, inakwaruza, inavuta jina lake polepole. Tena ilifanana na ya Kogo. Kogo yuko langoni, alijiambia. Kogo anajua mimi niko shuleni. Kwa hivyo huyu si Kogo. Hiki ni kitu kilichoiba sauti yake.

Sauti ikaita tena, sasa kama inataka kulia. Halafu kitu kizito kikaanguka kwenye majani, na kimya kikarudi. Nelvine alijiziba mdomo kwa mikono miwili, akatimua mbio kupitia mashambani, matawi yakimchanja miguu, asitazame nyuma hata mara moja.

Alipofika nyumbani, lango lilikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Aliufungua; ndani, meko yalikuwa baridi. Ng'ombe alilia zizini, kiwele kimejaa, hajakamuliwa. Tangu azaliwe, Nelvine hakuwahi kuikuta nyumba hiyo bila moto.

"Kogo!" aliita. "Kogo!"

Tochi ikamulika kutoka kwa jirani. Alikuwa Mzee Kiptanui.

"Kumbe umefika? Kogo yako yuko wapi? Alisema ukungu umezidi, akaenda kukuchukua shuleni. Hamkukutana?"

"Hapana."

"Lakini wewe umetoka shule?"

"Ndiyo," alisema Nelvine. Neno lilimtoka lenyewe, kwa mazoea.

"Basi yuko huko kwa barabara ya shule. Wacha nimfuate haraka, huyu ni mtu mzee."

Kiptanui akageuka. Nelvine akautazama mwanga wa tochi ukipanda kilima, ukienda mbali na mto, mbali na ile sauti. Alielewa yote mara moja. Akisema kweli, atakuwa mwongo mbele ya kijiji kizima. Akinyamaza, Kogo atalala kwenye baridi ile, na baridi ile ilikuwa imeshaua ndama wakubwa.

"Mzee Kiptanui!" alipiga kelele. "Si huko! Yuko mtoni! Sikutoka shule, nilikuwa senta kwa Kimotho. Siku hizi tunatoka saa kumi. Nimemsikia mtoni akiniita."

Mzee alirudi akammulika usoni. "Umemsikia ukamwacha?"

Nelvine aligeuka akashika njia ya mtoni. Wakashuka mbio.

Huko chini waliita mpaka makoo yakakauka. "Jerusa! Kogo Jerusa!" Hakuna aliyeitika. Maji yalipita kwenye mawe na ukungu ukasimama palepale. Kiptanui alianza kumulika majini, na Nelvine akajua mzee anatafuta nini. Ndipo akakumbuka: Kogo hawezi kuitika. Kogo haitiki sauti ya mtu asiyemwona.

Akavuta pumzi, akapaza sauti huku machozi yakimtiririka.

"Kogo, ni mimi! Nilikudanganya! Tunatoka saa kumi, si saa kumi na mbili! Nimekuwa nikitazama televisheni kwa kina Rachael, na nimekula mandazi yao! Umeniita nikakusikia, Kogo, na nikakimbia!"

Kutoka kwenye mtaro uliokuwa karibu nao kabisa, sauti dhaifu ikasema, "Basi huyo ni wewe kweli. Kitu cha ukungu hakiwezi kujua mambo ya mandazi."

Walimkuta ameketi kwenye matope, shuka limelowa, anatetemeka, kifundo cha mguu kimevimba. Kiptanui alimbeba mgongoni hadi nyumbani. Nelvine aliwasha moto, akamkanda mguu kwa maji ya moto, asithubutu kuinua macho.

"Uliponisikia," Kogo aliuliza, "ulijua ni sauti yangu?"

"Nilijua."

"Na ukakimbia."

"Nilijua unafikiri niko shuleni, Kogo. Nikasema haiwezi kuwa wewe."

Kogo aliutazama moto. "Nilifika shuleni nikakuta giza. Nikaita jina lako dirisha kwa dirisha, mpaka soja anayelinda shule akatoka akaniambia watoto walienda zamani. Akasema pengine wengine hukaa senta, ndiyo nikashika ile njia ya mto. Mtoto wangu, niliogopa. Kama hukuwa shuleni, basi sikujua uko wapi duniani." Nelvine alilia, na Kogo akamwacha alie.

Jumamosi Madamu Chepkosgei alikuja kuwajulia hali. Kogo, mguu juu ya kigoda, hakumpa hata nafasi ya kupoesha chai. Alitaka kujua saa ya kuingia na ya kutoka, masomo ni mangapi, mtoto akikosa shule nani huambiwa, na mzazi asiyesoma atajuaje haya yote. Madamu alijibu moja moja, kisha akakiri kosa la shule.

"Habari za wazazi tulizitia midomoni mwa wale wasiotaka zifike," alisema. "Kuanzia sasa tutatangaza makanisani, na pale kituo cha kupimia majani chai, ambapo kila mtu hufika."

Kisha akamgeukia Nelvine. "Adhabu yako ni kazi ya mikono kwa wiki mbili, hilo unalijua. Lakini sikiza. Saa za shule, sheria zake na yale tunayotarajia kwako si siri ya wanafunzi. Ni haki ya waliokulea kuyajua, maana likitokea jambo, wao ndio watakaotoka kukutafuta. Ukiwaficha ukweli, unawatuma wakutafute mahali ambapo hupo."

"Nimesikia, Madamu," alisema Nelvine. Alisimama akishika birika, akasitasita, kisha akamwangalia nyanya yake.

"Kogo, Jumatano kuna mkutano wa wazazi. Nilikuwa sijakuambia. Na hesabu ninaanguka."

Madamu alitazama kikombe chake kuficha tabasamu. Kogo aliushusha mguu wake kutoka kwenye kigoda, akaujaribu sakafuni, akakunja uso kwa maumivu.

"Nitafutie fimbo ya kutembelea," alisema. "Jumatano nitakuja."