Vibanio vya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikausha sare yangu kwa pasi. Nilitandika blanketi mezani, nikalaza blauzi mbichi, nikapitisha pasi mpaka mvuke ukaisha. Sketi ilichelewa zaidi kwa sababu ya marinda. Sikuona taabu wala raha. Mama alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, na tangu hapo kila kitu kwangu kilikuwa sawa tu.

Nguo nyingine tulizitandaza ndani, juu ya viti na milango. Nyumba ilinuka uvundo. Baba ni fundi cherehani na hushona katika chumba cha mbele, kwa hiyo wateja walisubiri huku soksi zangu zikiwachungulia.

Aliwahi kuniuliza kwa nini sianiki nje. Nikamjibu kwamba vibanio vimepotea. Akasema haya, akarudi kwenye kazi yake. Hakuuliza tena, wala hakununua vingine.

Vibanio havikupotea. Mama alikuwa na mtindo wake: aproni yake ya buluu aliianika mwisho, kisha vibanio vilivyobaki akavitia katika mfuko wa aproni hiyohiyo. Siku aliyopelekwa hospitali aliiacha kambani, na ilikuwa bado iko pale. Nikipita uani nilitazama chini.

Jumamosi moja baba alikuwa anamalizia sare za shule, ambazo mteja angezifuata Jumatatu asubuhi. Mteja alishasema kwamba zikichelewa atatafuta fundi mwingine. Mimi nilikuwa nakausha nguo za wiki nzima. Mita ikalia, na muda si muda umeme ukakatika. Cherehani ikanyamaza katikati ya mshono. Umeme wa mwezi mzima ulikuwa umekwisha, na mwezi haujafika hata nusu. Baba aliitazama pasi, akanitazama mimi. Afadhali angenigombeza. Alichukua pesa ya mboga akaenda kununua umeme mwingine.

Alipotoka tu, akaingia shangazi, dada yake. Yeye ni dobi, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye pasi.

"Hii ni ya kunyooshea, mwanangu, si ya kukaushia," alisema. "Unamaliza umeme wa baba yako, na jua limekaa tu huko nje halina kazi."

Nikamwambia vibanio vimepotea. Hakubishana. Alifungua pochi yake, akasema anakwenda dukani kununua, ingawa miguu ilikuwa inamuuma na duka liko mbali. Nilimtazama akichechemea kuelekea mlangoni, nikaona haya.

"Usiende, shangazi," nikasema. "Vipo. Viko kwenye aproni ya mama."

Akageuka, akabeba beseni la nguo. Uani aliliweka chini akasubiri. Nikatia mkono katika mfuko wa aproni. Upande uliotazama jua ulikuwa umepauka kabisa, lakini ndani ya mfuko kitambaa kilikuwa bado buluu. Nikatoa vibanio kimoja kimoja. Sikulia.

Shangazi alinionyesha: kung'uta kwanza, geuza ndani nje, sketi ibanwe kiunoni, acha nafasi upepo upite. Tukaanika mpaka vibanio vikaisha. Ikabaki blauzi yangu ya shule, na vibanio viwili tu, vile vilivyoshika aproni.

"Nguo ikikauka inaanuliwa," shangazi alisema taratibu. "Ukiiacha, jua linaila. Kuianua si kumsahau mama yako."

Nikaianua. Mahali pake nikaanika blauzi.

Baba aliporudi, nilimwambia nilimdanganya. Aliichukua ile aproni, akaishika.

"Na mimi nilijua viko wapi," alisema. "Nikajifanya nimekuamini, kwa sababu sikutaka kwenda kuvitoa. Uongo mmoja tumeubeba wawili, na umetugharimu. Siku nyingine kitu kikikuuma, niambie kinakuuma. Nami nitakwambia."

Cherehani ikaanza tena, na sare zikawa tayari Jumatatu.

Lakini Jumamosi ile ile, alasiri, nguo zilikuwa zimekauka na zinanukia jua. Nilivaa aproni ya mama, nikaanua, nikavitia vibanio mfukoni kimoja kimoja. Nilipofika cha mwisho, nikalia.