Kicheko cha Kinda

Kicheko kilichelewa kukoma. Si sana, labda kiasi cha mtu kumeza mate, lakini fundi mitambo alikuwa amekwisha kutoa kidole kwenye kitufe na mtoto bado alikuwa anacheka.

"Umesikia?" alimuuliza mtangazaji kupitia kioo.

"Mashine yako imechoka kama mwenyewe," alijibu mtangazaji, akavuta kikombe chake cha chai.

Ilikuwa siku ya pili ya mchango wa hewani. Kila mwaka kituo chao cha redio kiliweka kando vipindi vyote, kikakesha na kushinda kikiwaomba wasikilizaji wavichangie vyama vinavyotibu watoto: wenye matatizo ya moyo, ya figo, waliozaliwa na midomo iliyopasuka. Mtangazaji alikuwa mama ambaye mji mzima ulimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alipokosa la kusema, alicheka. Kicheko chake kilikuwa kinene, cha kutoka tumboni, na watu walikipenda kuliko mizaha yake, ambayo, tuseme kweli, mingi ilikuwa imechacha. Redioni kimya ni sumu. Kikizidi kidogo tu, msikilizaji anahama na meneja anapanda ngazi mbio. Chiriku ndiye aliyekuwa dawa ya sumu hiyo.

Mwaka huo alikuwa na jambo jipya. Alimtekenya bintiye mdogo, waliyemwita Kinda, akarekodi anavyocheka. Kila aliyepiga simu na kutoa ahadi aliambiwa, "Asante, na hii ni zawadi yako," kisha fundi akabonyeza kitufe, kicheko cha Kinda kikaenda hewani. Wengine walipiga tena ili wakisikie tu.

Bibi yake Kinda hakufurahi. "Kitu cha mtoto hakigawiwi hovyo," alimwambia Chiriku mlangoni asubuhi ile.

"Mama, ni sauti tu. Sauti haiishi."

Basi mchana, ndani ya studio isiyo na dirisha, ilianza kunukia poda ya mtoto. Fundi alinusa kola yake, akanusa mikono, akamtazama Chiriku. Hakuna mtoto aliyekuwa amekanyaga pale. Kisha taa ya simu ikawaka, ile laini mbovu ambayo fundi mwenyewe alikuwa ameichomoa waya, na Chiriku, ambaye hakujua habari za waya, akaipokea.

"Hewani hapa, karibu mpendwa."

"Ahsante, dada." Sauti ya mwanamke, laini, karibu mno, kana kwamba mdomo wake ulikuwa ndani ya visikizio. "Mimi sina fedha. Lakini wote mmewapa kile kicheko. Na mimi nipe."

"Hujatoa hata shilingi na unataka zawadi? Wewe mkali." Chiriku akacheka. "Haya, kwa utamu wa sauti yako, chukua. Kiwe chako."

"Changu kabisa?"

"Kabisa, mama. Nenda nacho nyumbani."

Simu ikakatika. Fundi akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Mishale ya mitambo iliruka juu na chini kama kawaida, lakini hakikusikika kitu. Chiriku akacheka kufunika aibu, akaweka wimbo.

Wimbo haujafika nusu, simu yake ya mkononi ikatetemeka. Alikuwa mama yake, akinong'ona.

"Mwanangu, Kinda amenyamaza."

"Amelala?"

"Yuko macho. Nimemtekenya. Mbavu zinapanda na kushuka, mdomo wazi, hakitoki kitu. Sasa amebandika sikio kwenye redio na hataki kutoka. Nimeizima. Bado amebandika sikio. Na humu ndani kunanuka poda. Sisi poda iliisha tangu mwezi uliopita."

Chiriku alivua visikizio aende nyumbani, lakini sauti nyingine ilichukua simu: shangazi yake, dada wa marehemu baba, mwanamke wa maneno machache ambaye watu walimwita kwa ajili ya mambo kama haya na kumwepuka siku nyingine zote.

"Kaa hapo hapo," alisema shangazi. "Umempa nani kicheko cha huyu mtoto?"

Chiriku alieleza, akijikwaa.

"Huyo ni jini. Hakuiba, alipewa, kwa hiyo hapa nyumbani sina la kumfanya. Mdomo uliotoa ndio utakaorudisha, mahali palepale, watu wale wale wakisikia. Mwambie mara moja: nakirudisha, si chako. Kisha nyamaza. Atakuuliza, atakubembeleza, nyamaza. Asipate kitu kingine kutoka kwako. Unaweza kunyamaza, wewe?"

"Naweza, shangazi."

Fundi alikata wimbo, akafungua hewa. Chiriku alivaa tena visikizio, akasema, "Wewe uliyechukua kicheko cha mwanangu, nakirudisha, si chako." Akafunga mdomo.

Kimya kikaingia. Harufu ya poda ikawa nzito hadi ikawa ladha mdomoni, na ndani ya visikizio, ambako hakuna simu iliyokuwa imeunganishwa, mtu alianza kupumua polepole, pumzi fupi za mtoto kwanza, kisha ndefu, kisha pumzi za kitu ambacho kifua chake hakiwezi kuenea ndani ya chumba kile, na nyuma ya kioo fundi alikuwa amefunga macho, na meneja alikuwa ameingia anapunga mikono kwa hasira, sema kitu, sema kitu, na Chiriku akauma midomo hadi ikauma kweli, akimfikiria Kinda na mdomo wake ulio wazi, huku kimya kikirefuka kuliko kimya chochote alichowahi kukiruhusu tangu aanze kazi, mpaka ile sauti laini ikamwambia sikioni, kwa upole wa jirani, "Dada, mbona umeninunia?"

Hakusema neno. Mungu ni shahidi, hakusema hata neno moja. Ila kicheko kilimponyoka, kile kinene cha kutoka tumboni, kwa mazoea tu, kama mtu anavyopiga chafya.

Pumzi zikakoma. Harufu ikaondoka yote kwa mara moja.

Simu ya mkononi ikatetemeka, na kabla bibi hajasema lolote, Chiriku alimsikia Kinda kando ya bibi akicheka, anacheka na kukohoa na kucheka. Chiriku alilia mbele ya meneja bila haya. Michango ya siku ile ilivunja rekodi. Watu walidhani ulikuwa mchezo wa kuigiza.

Usiku nyumbani shangazi alimngoja mlangoni. "Ulinyamaza?"

"Sikusema kitu."

Shangazi alichukua mkoba wake, akaenda zake.

Siku kadhaa baadaye Kinda alivaa viatu vya bibi yake akawa anatembea kama meneja, tumbo mbele. Kilikuwa kituko kweli. Chiriku alifungua mdomo acheke. Mbavu zilipanda na kushuka, hakikutoka kitu. Akashika koo, akajaribu tena.

Kicheko chake kikasikika jikoni. Kinene, cha kutoka tumboni, chake mwenyewe, na jikoni hapakuwa na mtu.

Kinda aligeuka, uso ukamng'aa. Ndicho kicheko alichokijua tangu siku aliyozaliwa.

"Mama yuko jikoni," alisema, akavua vile viatu ili akimbie vizuri.