Kibuyu cha Kwanza

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo nilipoteremka kuokota kuni ufukweni. Zuwena, mke wangu, alikuwa amenionya nisirudi mikono mitupu. Ndiyo hivyo. Mimi Idi, niliyebeba mizigo ya Wadachi kutoka Bagamoyo mpaka Usumbura, leo nachakura vijiti mchangani kama kuku.

Njia ilipita nyuma ya nyumba ya Asmani, pale anapokamulia mawese. Tuliingia Rumonge siku moja, mimi na yeye, msafara mmoja. Yeye sasa ana nyumba ya matofali na mlango wa mbao uliokuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji. Mimi nina tumbo.

Mlango ule uliniuma. Wala sikuutaka uwe wangu. Niliutaka uliwe na mchwa.

Chungu kikubwa cha mawese kilikuwa kinapoa. Hapakuwa na mtu. Halafu ikanijia harufu... ya ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, walionyeshewa mvua siku tatu.

Mwanamke alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa chungu. Sikumwona akija.

"Amahoro, muzee," akanong'ona.

"Amahoro, mama."

"Unamuchukia."

"Nani, Asmani? Yule ni ndugu yangu!"

Akacheka bila kufungua kinywa.

"Basi temea humu. Atakayekula, kila kitu kitamuozea mudomoni. Mpaka afe."

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nikautazama mlango.

Nikatema.

Hayakuwa mate. Ulitoka uzi mweusi, mnene, wa moto. Nikaushika kwa vidole nikavuta, nao ukazidi kuja, ukikwaruza koo... Ukadondoka chunguni. Ukajipinda mara moja kama mnyoo, ukazama. Mawese yakatulia, mekundu, mazuri kabisa.

Nilipoinua macho, mwanamke hayupo. Harufu ilibaki.

Jioni ya pili yake Zuwena alitenga ugali wa muhogo na bakuli la ndagala, wanaelea kwenye mawese mapya.

"Katuletea Asmani," akasema. "Kibuyu cha kwanza."

Hapo nikakumbuka. Kila akikamua, Asmani humpa jirani mmoja kibuyu cha kwanza. Miaka minane nimekula mafuta yake, na mlango ukanisahaulisha.

Zuwena alishakata tonge. Alishalichovya.

"Acha!"

"Kuna nini?"

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Aibu ikanibana.

"Nina njaa," nikasema.

Nikampokonya tonge. Nikapakata bakuli, nikala peke yangu. Ladha ilikuwa ya kidonda cha punda aliyekufa. Katikati ya ndagala kikanigusa ulimi kitu cha moto, kirefu. Nikakijua. Kilikuwa changu. Kikajizungusha kwenye ulimi, nami nikakimeza, nikalamba bakuli mpaka likang'aa.

"We mwanaume!" Zuwena akafoka. "Hata mkeo humwachii? Una mdudu tumboni?"

Akalala na njaa, kaninunia. Nilishukuru.

Tangu siku ile maji yananuka. Asali inanuka. Tumbo langu, mali yangu pekee, limeisha. Wengine wote walionunua mawese yale wanayasifu mpaka leo.

Juzi Asmani alikuja kunijulia hali.

"Kibuyu kile kilikuwa zamu ya Mwanvua, yule mjane," akasema. "Lakini dada yako alinisihi sana."

"Dada yangu?"

"Yule anayenuka samaki. Alisema kaka yake ana njaa."

Mimi sina dada.

Asmani akanishika mkono. Machozi yalimlengalenga.

"Upone, ndugu yangu. Nimeagiza mlango mwingine Ujiji. Ni wako."

Nilitaka kulia. Nilitaka kumwambia yote. Badala yake nikajikuta nawaza kama mlango huo utakuwa mkubwa kama wake.

Kooni, uzi ukajigeuza.