Hasi Mbili

Kila asubuhi binti wa fundi cherehani alimpitia rafiki yake, msichana ambaye darasa zima lilimwita Kimya, wakaenda shule pamoja. Siku hizo alimsubiri sana mlangoni. Mama yake Kimya alikuwa hoi kitandani, na kabla ya kuvaa sare Kimya alimgeuza, akamlisha, akafua mashuka.

Siku ya mtihani wa hesabu, swali la mwisho lilikuwa mlinganyo: logi ya x kujumlisha logi ya (x − 3) ni sawa na 1. Binti wa fundi hakuwa amesoma. Alichungulia karatasi ya Kimya, akanakili mstari kwa mstari hadi majibu mawili: 5 na −2.

Mwalimu aliwaita wote wawili. Aliwaeleza kwamba namba hasi haina logi, kwa hiyo −2 ilitakiwa kukataliwa, na wanafunzi wengine wote waliikataa. Basi mmoja wa hao wawili alikuwa amenakili. Akamtazama Kimya, ambaye alama zake zilikuwa zimeporomoka tangu mama augue, akampa sifuri. Kimya hakujitetea. Binti wa fundi akaufyata.

Wiki haikuisha, mama yake Kimya akafariki. Msibani binti wa fundi aliketi kando ya rafiki yake. Kimya ndiye aliyeanza kuzungumza.

“Mama aliniuliza nimepata ngapi. Nikamwambia sifuri. Akageukia ukutani.”

Binti wa fundi hakulala. Asubuhi alimfuata mwalimu, akamweleza yote. Mwalimu akachukua kalamu, akamrudishia Kimya alama zake na kumwandikia binti wa fundi sifuri. Wakaenda pamoja hadi nyumbani kwa Kimya. Mwalimu alimwomba radhi mbele ya shangazi zake.

“Asante, Mwalimu,” Kimya alijibu. “Lakini Mama hatajua.”

Njiani binti wa fundi alilia. Mwalimu alimwacha alie, kisha akasema polepole, “Kwenye logi tunarudisha kila jibu kwenye swali, tuone kama linakubalika. Mimi nilimhukumu mwenzako bila kuhakikisha. Wewe uliujua ukweli ukanyamaza. Alama nimezirekebisha kwa kalamu, mwanangu. Zile siku alizobaki nazo na mama yake hakuna wa kuzirekebisha. Ukweli useme mapema, wakati bado unamfaa mtu.”