Paneli ya Nne

Ijumaa ya sita ilianza kama zile tano zilizotangulia. Baada ya sala ya alfajiri Baba alikunywa chai akiwa amesimama, akachukua boksi lake la vyombo, akapanda juu ya paa. Nawar, binti yake wa miaka kumi na mitatu, alimfuata huku akipiga miayo. Kazi yake ilikuwa kumpokeza spana na kushuka kila mara kwenda kutazama kisanduku.

Kisanduku hicho kilitundikwa ukutani karibu na jiko. Ndicho kilichotakiwa kugeuza umeme wa jua uwe umeme wa nyumbani, na mafundi hukiita inveta. Taa yake ingepaswa kuwa ya kijani, lakini kila asubuhi ilikuwa nyekundu.

"Vipi?" Baba alipaza sauti kutoka juu.

"Nyekundu, Baba."

Ukasikika tena mlio wa spana.

Baba yake, Bwana Thani, alikuwa afisa wa serikali. Umeme hakuwahi kuusomea. Miezi michache nyuma alinunua kwenye mtaa wa viwanda wa Rusayl paneli sita za sola zilizokwisha kutumika, akatazama video nyingi kwenye simu, kisha akawaahidi watu wa nyumbani kwamba kiangazi hiki friji na kiyoyozi cha chumba cha Bibi vingetumia jua. Sasa kiangazi kilikuwa kimeingia. Joto la Mawaleh, mtaa wao, lilichoma hata kabla ya saa moja asubuhi. Kila jioni Baba alirudi kutoka ofisini, akabadilisha nguo na kupanda juu. Alikula bila kuzungumza. Macho yake yalikuwa mekundu, na nyumba nzima ilichoka pamoja naye.

"Thani, mwanangu," Bibi Mwanamize alikuwa akimwambia mara kwa mara, "muite yule Susan, fundi wa Kikenya anayekaa mtaa wa pili. Kazi yake ndiyo hiyo."

"Mama, nnajua nnachokifanya."

"Haya. Mie nshasema."

Nawar aliyasikia hayo akainamisha kichwa. Yeye alikuwa na uchovu wake mwingine, usioondoka kwa kulala.

Siku ya kufunga paneli, Baba alikuwa ameshuka kwenda kusali. "Usiinyanyue hata moja peke yako," alimwambia. "Nisubiri." Nawar hakusubiri. Alitaka Baba arudi akute kazi imesogea, amsifu. Aliiburuta paneli ya nne juu ya fremu, na ncha ya skrubu ikaichana karatasi nyeupe ya plastiki inayoikinga kwa nyuma, mchaniko wa urefu wa kiganja. Aliubandika utepe mweupe, akaigeuza paneli upande wa kioo juu. Baba aliporudi alimpigapiga begani na kumwambia, "Hodari!" Neno hilo halikumpa raha tangu siku ile.

Kila Ijumaa alijiambia kwamba mchaniko mdogo hauwezi kuwa ndio sababu. Na kila Ijumaa Baba alifungua waya na kuzifunga upya.

Asubuhi hiyo umande ulikuwa mzito, paa limelowa. Baba alivua viatu ili asiteleze, akaanza kufuta vumbi la vioo kwa kitambaa. Mkono wake ulipogusa fremu ya chuma, alitoa sauti ambayo Nawar hakuwahi kuisikia, akarushwa nyuma na kuanguka chali pale pale juu ya paa.

"Baba!"

"Usinishike! Kaa huko huko!" Alijivuta mbali na fremu, akakaa akihema, uso umepauka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Si kitu. Umeme umenitekenya tu. Paneli ni nzima, nilizikagua mwenyewe siku nilipozinunua. Kosa liko kwenye waya zangu. Nipe spana, nizifungue zote tena."

Aliunyoosha mkono. Nawar aliitazama ile spana, kisha akaificha nyuma ya mgongo wake.

"Sikupi, Baba. Paneli si nzima. Ya nne niliichana mimi, siku ile ulipokwenda kusali. Nikabandika utepe." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nimekuona ukihangaika wiki zote hizi, na nikanyamaza."

Nawar alingojea kugombwa. Badala yake Baba aliufunika uso kwa viganja, na alipoviondoa alionekana kama mtu aliyezeeka.

"Shuka," alisema. "Mwambie Bibi ampigie Susan."

Susan alifika na mita ya kupimia umeme na glavu nene. Kwanza aliomba mablanketi mazito, akafunika paneli zote. "Hizi zikiona jua tu zinatoa umeme," alisema. "Hazina swichi ya kuzizima. Watu wengi hawajui hilo."

Kisha akaigeuza ile ya nne. Utepe ulikuwa umebanduka kwa joto.

"Umande unaingia hapa, umeme unavujia kwenye fremu. Inveta ikihisi hivyo inakataa kuwaka, ndiyo maana taa ni nyekundu." Alichungulia chini ya fremu. "Na waya wa kupeleka umeme ardhini uko wapi, Bwana Thani?"

Baba alikohoa. "Sikuuweka. Sikuuelewa vizuri kwenye video, nikauruka."

"Basi shukuru Mungu. Ungekufa hapa."

Susan aliiondoa paneli iliyochanika, akaunga tano zilizobaki, akafunga waya wa ardhini. Adhuhuri mablanketi yakaondolewa, na taa ikawa ya kijani.

"Zitatosha friji na feni," alisema. "Kiyoyozi hapana."

"Feni yatosha," Bibi alisema. "Mie nilikuwa nnamtaka mwanangu, sikuwa nnataka kiyoyozi."

Baada ya chakula Baba alimwita Nawar akae karibu naye kwenye mkeka.

"Umenikosea," alisema, "na mimi nimekukosea. Wewe ulificha mchaniko kwa kuogopa kugombwa. Mimi nilificha ujinga wangu kwa kuogopa kuchekwa. Tumechoka wiki sita kwa siri mbili, na ilikuwa karibu uwe yatima. Kazi kubwa haimkatai anayeanza, Nawar, ila lazima aulize anayejua. Na kosa likitamkwa siku ile ile huwa dogo. Umelitamka leo huku unalia, na umeniokoa. Kuficha na kutamka, usisahau ni lipi kati ya hayo mawili..."

Hakuimaliza sentensi. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta. Nawar alimwekea mto taratibu, akafunga pazia ili jua lisimpige usoni.