Leso ya Ishirini

Kila asubuhi Empar alichemsha maziwa, akakata mkate, akaweka vikombe viwili mezani. Tangu baba yake afariki mwezi wa Machi, alifanya hivyo bila kukosea na bila kulia. Majirani walimsifu kuwa ana moyo mgumu. Hawakujua kwamba moyo wenyewe ulikuwa umekufa ganzi.

Mama yake, Remei, naye alikuwa vivyo hivyo. Alikwenda kazini, akarudi, akakaa akitazama ukuta.

Oktoba ikaingia, na maduka ya mikate ya Valencia yakajaa matunda madogo yaliyofinyangwa kwa lozi na sukari na kupakwa rangi. Siku ya Mtakatifu Dionisi, tarehe tisa ya mwezi huo, mwanamume humpa mpenzi wake matunda hayo yakiwa yamefungwa ndani ya leso ya hariri. Matunda huliwa, leso ikawekwa. Remei alikuwa na leso kumi na tisa alizopewa na mumewe katika droo yake.

Empar aliona mama hataweza kuimaliza siku hiyo mikono mitupu. Akanunua matunda kwa akiba yake, akachomoa leso moja katikati ya zile za droo, akayafungia humo.

“Baba aliinunua mapema,” akasema tarehe tisa, baada ya chakula cha mchana. “Aliniambia nikufichie.”

Remei akafungua fundo taratibu. Kwenye pembe moja ya leso palikuwa na doa la kijani. Akalitazama kwa muda mrefu.

“Hili doa ni la tufaha,” akasema. “Baba yako aliyafunga matunda rangi haijakauka, maana alikuwa anakimbilia hospitali. Wewe ulikuwa umezaliwa jana yake.”

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Empar haikuvuka hata meza. Akakiri yote.

“Nilitaka ufurahi, mama.”

“Najua, mwanangu. Lakini ukinidanganya kwa huruma, unaniacha peke yangu na msiba, nawe unabaki peke yako na uongo wako. Niambie kweli, hata kama inauma, tuwe wawili. Leso ya baba mwaka huu haipo. Na haitakuwapo tena.”

Hapo Empar akalia, kwa mara ya kwanza tangu Machi, na mama akalia naye. Kisha Empar akafungua kitambaa cha pamba alichofungia nywele, kilichochujuka rangi, akayahamishia matunda humo.

“Leso hii inatoka kwangu,” akasema.

Remei akaanza na tufaha. Matunda yalipokwisha, akairudisha leso yenye doa katika droo, akakikunja kile kitambaa vizuri, akakiweka juu ya zile kumi na tisa.