Pipa la Mama Mkwe

Ulipita. Usigeuze uso. Jumanne ile asubuhi ulipita kwenye kona ya ghala, ukaona kitu cha rangi ya machungwa kimelala ukingoni mwa barabara, ukajiambia ni gunia. Ukapandisha kioo. Kazini ulifika mapema, hata chai uliipata ingali ya moto.

Halikuwa gunia. Alikuwa Mama Pacha, mfagiaji wa barabara, amelala ubavu ndani ya kizibao chake cha kazi, paja limevunjika. Pembeni yake ndoo ya chokaa imepasuka na lami yote imekuwa nyeupe. Alikuwa anapaka mawe ya ukingoni. Alikuwa anapumua.

Alipumua dakika hamsini. Saa moja na dakika kumi gari moja lilisimama: gari bovu la kusambaza maziwa. Dereva wake aliteremka, akampakia kiti cha mbele, akageuza, akakimbiza hospitali huku anapiga honi njia nzima. Walipofika, damu ilikuwa imeisha mwilini. Daktari aliandika saa moja na dakika arobaini.

Na sasa sikiliza walichomfanya yule dereva. Mlinzi wa hospitali aliona damu kwenye kiti, akapiga simu. Askari wa zamu akaja, akamtazama dereva kuanzia kichwani hadi miguuni, akamuuliza swali moja tu.

"Kama hukumgonga wewe, kwa nini ulimbeba?"

Dereva akawekwa mahabusu. Alhamisi asubuhi apelekwe mahakamani.

Jumatano, saa mbili, jalada lilifika mezani kwa Inspekta. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na alikuwa na tabia ya kusoma jalada akianzia ukurasa wa mwisho. Alisoma, akalifunga, akamwita Koplo wake wakaenda uani kuliona gari la maziwa.

Lilikuwa chafu. Vumbi la wiki nzima limeganda kwenye bampa na boneti, na juu ya vumbi hilo mtu alikuwa ameandika kwa kidole: NIOSHE.

Inspekta alivaa miwani, akainama mpaka pua yake ikakaribia bampa.

"Koplo, mtu mzima akigongwa na gari hili, nguo zake zitafanya nini?"

"Zitafuta vumbi, Afande."

"Limefutika wapi?"

Koplo alizunguka gari mara mbili. Halikufutika popote. Taa zote nzima. Chokaa ilikuwa kwenye nyayo za matairi tu, pale dereva alipogeuzia. Koplo alisema polepole kwamba basi huyu mtu hana kosa. Inspekta akamjibu kwamba hilo analijua yeye na Koplo na vumbi, lakini hakimu atataka jina lingine, na wana siku moja.

Kwenye kona ya ghala walikuta chokaa imekwisha kukanyagwa na magari. Koplo alipiga magoti, akachambua mchanga wa ukingoni kama mtu anayechambua mchele. Akapata kipande cha plastiki ya njano, ukubwa wa ukucha, kimevunjika upande mmoja. Taa ya kuonyesha kona. Kikaingia kwenye mfuko wa vielelezo.

Inspekta alisimama akitazama barabara juu na chini. Alikuwa anatafuta kitu ambacho hakikuwepo.

"Koni," alisema. "Mfagiaji yuko barabarani alfajiri, kwenye kona, na hakuna hata koni moja."

Hapa nikukumbushe, maana wewe husahau upesi. Miaka mitatu iliyopita, kona hiyohiyo, alikufa mfagiaji mwingine, mzee mmoja aliyekuwa anakaribia kustaafu. Watu walipiga kelele siku mbili. Kampuni ya usafi ikaleta karatasi, msimamizi akatia saini: kila asubuhi, kabla fagio halijagusa lami, koni sita zitapangwa. Karatasi ipo. Inspekta aliikuta kwenye jalada la zamani, imekunjwa mara nne.

Mbele ya kona hiyo, mwendo wa dakika tatu, pana kizuizi cha magari ya kokoto. Mlinzi wake ni mzee mwenye mwandiko mzuri, anaandika namba ya kila gari linalopita, liwe la kokoto au la harusi, kwa sababu aliambiwa aandike na hakuna aliyemwambia aache. Kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja na dakika kumi, daftari lake lilikuwa na magari thelathini na moja. Yote yametokea upande wa kona. Inspekta alipiga picha ukurasa ule.

Halafu akaenda kwenye yadi ya kampuni.

Msimamizi aliitwa Pasi. Jina hilo alipewa na wafagiaji kwa mikunjo ya suruali yake, ambayo walisema ingeweza kukata mkate. Aliwapokea kwa heshima, akavuta viti, akasema msiba huu umewavunja mioyo wote. Koni alizipanga kwa mkono wake, saa kumi na mbili na robo. Kisha akaendelea na ukaguzi hadi kizuizini, akageuzia huko. Koni bila shaka ziliibwa baadaye. Watu wa siku hizi huiba hata kivuli.

"Uliendesha gari gani?"

"Pikapu yangu ya kazi, Afande. Ile pale."

Kila kitu kwenye yadi ile kilikuwa na rangi ya vumbi: mikokoteni, mafagio, mbwa. Pikapu ilikuwa inang'aa. Inspekta aliizunguka bila haraka, kisha akafanya jambo lililomshangaza Koplo. Alilala chali, akaingiza kichwa ndani ya madigadi, juu ya tairi.

Alipotoka alikuwa anajipangusa mikono, na mikono haikuwa na cha kupangusa.

"Unaosha vizuri," alimwambia Pasi.

"Msimamizi wa usafi akiwa mchafu, Afande, wafagiaji watamcheka. Naosha mwenyewe, nyumbani, kila baada ya muda."

Inspekta alimshukuru. Ndani ya gari la polisi alimuuliza Koplo kama amewahi kuosha gari. Koplo alisema la shemeji yake, tena kwa kulazimishwa.

"Ulianzia wapi?"

"Juu. Boneti, vioo. Panapoonekana."

"Na pale chini ndani ya madigadi, ulipaosha?"

"Nani anapaona, Afande?"

"Huyu kapaosha mpaka chuma kimebaki na rangi ya kiwandani. Na taa ya kona ya kushoto ni mpya, ya kulia imepauka kwa jua. Twende kwake kabla yeye hajafika."

Nyumbani kwa Pasi mkewe alikuwa kazini. Aliyefungua geti ni mama mkwe, bibi mwembamba mwenye kanga kiunoni na kopo mkononi. Inspekta alimsalimia kwa shikamoo, akajitambulisha, akaomba kuona gari linapooshewa. Bibi hakuuliza sababu. Alikuwa na malalamiko yake, na hatimaye alikuwa amepata mtu wa serikali wa kuyasikiliza.

Uani palikuwa na sakafu ya saruji yenye mteremko, na chini ya mteremko shimo dogo la kukusanya maji. Kando yake pipa la bluu. Nyuma ya pipa, matuta manne ya mboga. Majani yalikuwa yamekauka pembeni na kugeuka rangi ya karatasi kuukuu, kana kwamba yamepitishwa juu ya moto.

"Tazama, binti yangu," alisema bibi. "Mboga nimezilea mwezi mzima. Jana jioni nimezinywesha maji ya huyu mkwe wangu, leo zimeungua. Sabuni gani hiyo anatumia?"

"Maji yapi, mama?"

"Ya gari. Hapa bomba linatoka Alhamisi kwa Alhamisi. Mimi tone halipotei. Maji ya nguo, maji ya gari, yote nayachota shimoni natia pipani, tope linatuama, ya juu nanyweshea. Jana asubuhi mkwe karudi mbio, kazini hajakaa hata saa, kavua shati, kashika brashi. Mtu ambaye kikombe chake mwenyewe hakiwezi kukisuuza. Akaingia chini ya gari mpaka tumboni. Nikamwona anataka kuyasukumia maji barabarani kwa fagio. Nikamwambia, mwanangu, unamwaga maji na leo ni Jumanne?"

"Naye alisema nini?"

"Angesema nini? Alisimama na fagio lake ananitazama. Nikavuta kigoda nikakaa, nikachota kopo kwa kopo. Naye anaosha, mimi nachota. Hata neno hakusema. Nikajua ni heshima."

Koplo aliangalia pembeni. Inspekta hakuangalia pembeni. Aliomba ruhusa ya kulimwaga pipa taratibu, na bibi, kwa uchungu wa kuona maji yakienda, alikubali kwa sharti kwamba yamwagwe kwenye ndoo zake.

Ya juu yalitoka meusi. Chini lilibaki tope. Koplo alilikata kwa mwiko kama keki: chini kabisa udongo mwekundu wa miezi, juu yake masizi ya lami, na juu ya yote, jipya, tabaka nene kama kidole, jeupe. Chokaa. Ndani ya weupe ule palikuwa na nyuzi za rangi ya machungwa, zimesokotana kama nywele kwenye kitana. Na kipande cha plastiki ya njano.

Inspekta alikitoa kwa koleo ndogo. Akatoa na kile cha kwenye kona. Akavigusanisha mbele ya jua, kila kimoja kwenye mfuko wake. Vilikutana mwanzo hadi mwisho, pasipo mwanya.

Bibi alikuwa ameacha kulalamika. Alikaa chini kwenye kigoda chake.

"Hayo maji," alisema, "yalikuwa ya nini?"

Inspekta alichuchumaa mbele yake akamweleza, kwa sauti ndogo, bila kupunguza kitu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye gazeti: taa ya kona, iliyovunjika. Aliiokota jalalani akitaka kuifanya kifuniko cha chupa ya mafuta. Akasema wachukue na mwiko pia, hataki kuuona tena.

Saa tisa Pasi alikaa chumba cha mahojiano. Alionywa kwamba halazimiki kusema. Alisema anataka kusema, kwa sababu hana la kuficha. Mikunjo ya suruali yake ilikuwa bado imesimama.

"Ulifika kizuizini saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu hivi."

Inspekta aliweka mezani picha ya daftari. "Tafuta namba yako."

Alitafuta muda mrefu kuliko inavyohitaji kusoma namba thelathini na moja. Akasema mlinzi yule ni mzee, huenda alisinzia. Inspekta hakubishana. Aliweka vile vipande viwili na ile taa. Kisha akaweka mfuko wa tope jeupe.

"Hili ni la wapi?"

Pasi alilitazama lile tope, na hapo ndipo uso wake ulipolegea.

"Pipa," alisema. "Nilijua. Nilisimama pale nikajua. Lakini ningemwambia nini mama mkwe? Ningempokonya kopo?"

"Anza na kona."

Alianza na kona. Jua lilikuwa limempiga machoni. Alisikia kishindo, chokaa ikajaa kiooni. Akateremka.

"Alikuwa macho," alisema. "Alinitambua. Akaniambia, bosi, mguu wangu."

"Ulikuwa na pikapu tupu."

"Haikuwa tupu."

"Ilikuwa na nini?"

Koplo aliacha kuandika.

"Koni," alisema Pasi. "Koni sita. Zinalala kwangu. Zikilala stoo, lazima niamke nusu saa mapema nikazichukue, ndipo nizipeleke. Siku hiyo nilichelewa kidogo tu. Yeye alikuwa ameshaanza kazi."

"Kwa hiyo ulimgonga mtu kwa kukosa koni zilizokuwa nyuma yako."

"Ningempakia juu ya koni, Afande? Hospitali wangeuliza. Wangelifungua lile faili la yule mfagiaji mzee aliyekufa. Saini ni yangu. Miaka kumi na moja ya kazi, kwa ajili ya nusu saa ya usingizi?"

"Daktari anasema mkanda tu ungetosha. Ufungwe juu ya paja. Wewe ulikuwa umevaa mkanda."

Pasi alishusha macho hadi kiunoni, kama anayeuona mkanda ule kwa mara ya kwanza.

"Sikukusudia afe," alisema. "Nilidhani mtu atasimama. Barabara ile haikosi magari. Nilijiambia, si dakika mbili tatu, mtu atasimama."

Inspekta alivua miwani. Alimsomea maelezo yake, Pasi akatia saini. Mwandiko ni uleule wa ile karatasi iliyokunjwa mara nne.

Saa kumi na moja dereva wa maziwa alitolewa mahabusu. Alikabidhiwa mkanda wa suruali, simu na funguo. Maziwa kwenye madumu yake yalikuwa yamechacha juani siku mbili, harufu imejaa uani. Inspekta alimwomba radhi kwa niaba ya kituo, kisha akamuuliza jambo ambalo halikuwa la kwenye jalada.

"Ukimkuta mwingine amelala njiani, utasimama?"

Dereva aligeuzageuza funguo mkononi. Alitazama bampa lake, lile neno la kwenye vumbi, kiti chake chenye doa.

"Sijui, Afande," alisema. "Kweli sijui."

Hilo ndilo wewe umelifanya. Pasi alimgonga, Pasi atafungwa. Lakini hesabu yake ilikuwa juu yako: alijua barabara haikosi magari, nawe ukapita, na wa nyuma yako akapita, thelathini na mmoja, mpaka aliyesimama akaonekana ndiye mwizi wa roho.

Namba ya gari lako imo kwenye daftari la yule mzee mwenye mwandiko mzuri. Koplo ameweka kiti mbele ya meza yake na karatasi tupu. Usingoje kuitwa. Nenda leo, kabla kituo hakijabadilisha zamu, useme uliona nini na saa ngapi, na useme kwamba koni hazikuwepo, kwa sababu kampuni inajiandaa kusema zilikuwepo.

Na kesho alfajiri, kwenye kona hiyohiyo, yuko mwanamke mwingine na ndoo ya chokaa. Amepewa kizibao cha marehemu, kimefuliwa. Akiwa hana koni, simamisha gari lako nyuma yake, washa taa zote, ukae hapo mpaka waje nazo. Wakupigie honi wee mpaka wachoke. Sasa chukua funguo, uende kituoni.